Altimita Inasoma Futi 300 Ndege Ikiwa Usawa wa Bahari: Kutafuta Chanzo cha Vipimo Vibovu kwenye Simuleta ya Nyumbani

Geji ikionyesha namba ya ajabu, wengi wetu tuliojijengea chumba cha rubani nyumbani hukimbilia bisibisi. Ni haraka isiyo na faida. Namba unayoiona kwenye mshale imetoka mbali: imeanzia kwenye hewa ya kuigiza ndani ya simuleta, ikapita kwenye geji ya kuigiza ya ndege uliyoichagua, ikachukuliwa na programu ya kati (inayounganisha simuleta na geji zako), ikabadilishwa kipimo, ikapita kwenye kebo ya USB hadi kwenye bodi ya kielektroniki, na mwisho ikawa mzunguko wa mota. Inaweza kuharibika popote njiani. Tena mara nyingi kuliko wageni wa mchezo huu wanavyodhani, haijaharibika popote. Ndege ya kweli nayo ingeonyesha vivyo hivyo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua namba imeharibikia wapi. Simamisha safari kwa kitufe cha kusitisha, kisha tazama geji ileile kwenye skrini, ndani ya chumba cha rubani cha kuigiza, na uilinganishe na ile uliyoifunga mezani. Zikisoma sawa, waya na mota zako hazina kosa. Baki kwenye sehemu za mwanzo za maelezo haya. Zikitofautiana, simuleta haina kosa. Ruka moja kwa moja hadi kwenye sehemu ya vipimo na mota.

Kama huna geji za kufunga na unatumia skrini tu, linganisha na thamani ghafi. Simuleta ya X-Plane ina ukurasa wa Data Output ambao unaweza kumwaga namba juu ya skrini wakati unaruka. Kwenye simuleta za FSX (Flight Simulator X ya Microsoft) na Prepar3D, Shift+Z huleta mstari wenye mahali ulipo, mwinuko, uelekeo na kasi. Bila namba ya kulinganisha nayo utabaki unakisia.

Altimita haikubaliani na mwinuko wa uwanja

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na karibu kila mara chanzo chake ni kidirisha kidogo cha mgandamizo kwenye uso wa geji. Altimita haipimi urefu. Inapima mgandamizo wa hewa, kisha inautafsiri kuwa futi kwa kutumia namba uliyoweka wewe. Ukianzisha simuleta kwa hali ya hewa halisi huku kidirisha kikiwa kwenye 1013 (hektopaskali) au 29.92 (inchi za zebaki), na mgandamizo wa siku hiyo ni 1003, utasoma karibu futi 270 hadi 300 zaidi ya ulipo. Karibu na usawa wa bahari, hektopaskali moja ni takribani futi 27, na marubani wengi huhesabu 30 kwa urahisi. Inchi moja ya zebaki ni karibu futi 1,000, hivyo kukosea 29.92 kwa 29.82 ni futi 100.

Kwenye Microsoft Flight Simulator kitufe cha B husawazisha altimita na hewa ya hapo ulipo. Kinasaidia, ila usikizoee sana. Msikilize mwongoza ndege au taarifa ya uwanja, uweke mwenyewe. La sivyo siku utakayopewa mgandamizo usiolingana na wa simuleta hutajua kwa nini wenzako wako futi 200 chini yako.

Sasa angalia tofauti inavyobadilika ukipanda. Ikibaki ileile futi 300 chini na futi 300 juu, ni mgandamizo. Ikikua kadiri unavyopanda, kidirisha hakihusiki, na yamebaki mambo mawili: kipimo kimekosewa kwenye programu ya kati, au ni joto la hewa.

Joto ndilo linalowachanganya watu wenye uzoefu wao. Altimita hudhani hewa ina nyuzi 15 za Selsiasi usawa wa bahari na hupoa kwa karibu nyuzi 2 kila futi 1,000. Hewa ikiwa na joto zaidi ya hapo, ndege huwa juu kuliko inavyosomwa. Ikiwa baridi zaidi, huwa chini. Kanuni ya haraka ni futi 4 kwa kila futi 1,000 kwa kila nyuzi 1 ya tofauti. Chukua futi 20,000 na hewa iliyozidi joto la kawaida kwa nyuzi 15: hiyo ni futi 1,200. Ukilinganisha altimita na urefu wa GPS katika hali hiyo utadhani simuleta imevunjika, kumbe inafanya kazi yake vizuri kuliko zile za zamani.

Na ndege inayotulia futi 200 juu au chini ya mwinuko uliouagiza? Hapo tazama otopailoti, mfumo unaoiendesha ndege wenyewe. Baadhi zina mpangilio wao wa mgandamizo ulio kando na altimita yako. KAP 140 inayofungwa kwenye baadhi ya Cessna 172 ni mfano mzuri: unaweza kuweka altimita sawasawa na bado otopailoti ikashika namba ya zamani. Geji ya akiba nayo ina kidirisha chake. Ziweke zote.

Kasi iko chini mno, imeganda, au inapanda bila sababu

Anza na swali la kuudhi: je, ni kosa kweli? Geji ya kasi husoma msukumo wa hewa, nao hupungua hewa inapokuwa nyepesi. Kasi halisi ndani ya hewa huzidi inayosomwa kwa takribani asilimia 2 kila futi 1,000. Ukisoma noti 100 ukiwa futi 10,000, kwa kweli unakata hewa kwa karibu noti 116 hadi 120, na GPS itaonyesha namba nyingine tena kwa sababu ya upepo. Namba tatu tofauti, zote sahihi. Kwenye FSX kuna mpangilio wa uhalisia unaochagua geji ionyeshe kasi ipi. Mtu akiugusa bila kujua, kila jedwali la mwongozo wa ndege litaonekana limekosewa.

Kama ni kosa kweli, mwenendo wa mshale unataja kilichoziba. Hapa inafaa kwenda polepole, maana mfumo mzima ni matundu mawili tu: bomba la Pitot linalopokea upepo wa mbele, na tundu la hewa tuli ubavuni.

Mshale ukishuka hadi sifuri ukiwa angani, huku altimita na geji ya kupanda na kushuka zikifanya kazi, bomba la Pitot limeziba mdomo lakini tundu lake la kutoa maji liko wazi. Barafu, kwa kawaida. Uliingia mawinguni hewa ikiwa chini ya nyuzi sifuri na swichi ya kupasha joto bomba haikuwashwa. Iwashe, subiri, itarudi.

Mshale ukibaki palepale hata ukipunguza nguvu ya injini, kisha ukapanda kadiri ndege inavyopanda, basi mdomo na tundu la maji vyote vimeziba. Geji ya kasi imegeuka altimita. Hii ni mbaya, kwa sababu rubani anayepanda huona kasi inaongezeka, huinua pua zaidi, na ndege inapoteza nguvu ya kuelea huku geji ikisema mambo ni mazuri.

Altimita ikiganda, geji ya kupanda na kushuka ikikaa sifuri, na kasi ikisoma pungufu unapopanda na kuzidi unaposhuka, lililoziba ni tundu la hewa tuli. Ndege nyingi ndogo zina chanzo cha akiba ndani ya kabati. Ukikifungua, altimita na kasi vitasoma juu kidogo kuliko kawaida, kwa kuwa mgandamizo ndani ya kabati ni mdogo kidogo kuliko wa nje. Hilo si kosa jipya, usianze kulitafuta.

Na kama hakuna barafu wala mawingu? Fungua ukurasa wa hitilafu. X-Plane, FSX na Prepar3D zote zinaweza kuharibu vyombo kwa bahati nasibu, na mpangilio huo unaweza kubaki umewashwa hata baada ya safari ya mazoezi uliyokwisha kuisahau.

Geji ya kupanda na kushuka huchelewa kwa asili yake, sekunde 6 hadi 9 kabla ya kutulia. Usiirekebishe.

Upeo bandia umeinama, uelekeo unahama

Kwenye ndege ndogo za mtindo wa zamani, upeo bandia (geji inayoonyesha ndege ilivyoinama) na geji ya uelekeo huzungushwa na pampu ya ombwe inayoendeshwa na injini, wakati kiratibu cha kona (geji ya kasi ya kugeuka) hutumia umeme. Mgawanyo huo ndio ufunguo. Upeo na uelekeo vikilegea pamoja huku kiratibu cha kona kikiwa kizima, tazama geji ya ombwe: inatakiwa kati ya inchi 4.5 na 5.5 za zebaki. Ikiwa chini ya hapo na injini iko kwenye mzunguko wa kawaida, pampu imekufa, au simuleta imeamua kuiua. Injini ikiwa taratibu uwanjani, ombwe dogo ni jambo la kawaida. Kiratibu cha kona kikifa peke yake, tafuta fyuzi au swichi ya umeme.

Geji ya uelekeo kuhama nyuzi chache kila robo saa si ugonjwa. Dunia inazunguka chini ya jairo (gurudumu linalozunguka ndani ya geji), na hilo pekee huleta hadi nyuzi 15 kwa saa karibu na ncha za dunia, likipungua hadi sifuri kwenye ikweta. Msuguano wa kuigiza huongeza kidogo. Isawazishe na dira kila baada ya dakika 15, ukiruka usawa na kwa kasi isiyobadilika.

Sharti hilo la mwisho lina sababu. Dira ya sumaku hudanganya ukipinda na ukiongeza kasi. Kaskazini mwa ikweta, ukielekea mashariki au magharibi na kuongeza kasi, dira huonyesha kama unageukia kaskazini; ukipunguza, kusini. Kusini mwa ikweta ni kinyume chake. Simuleta nzuri huiga haya yote, kisha mwenye simuleta hulalamika kwamba dira yake ni mbovu.

Ikiwa uelekeo unatofautiana na namba iliyopakwa kwenye njia ya kurukia kwa nyuzi chache, na tofauti haibadiliki, fikiria mkengeuko wa sumaku, yaani tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na ya kweli. Kaskazini ya sumaku inahama, na modeli ya dunia ya sumaku hutolewa upya kila baada ya miaka 5. Simuleta yenye data ya zamani itasoma tofauti na ramani mpya. Pia kumbuka namba ya njia imekadiriwa kwa kumi iliyo karibu: njia 09 inaweza kuwa nyuzi 086 au 094.

Kwa skrini za kidijitali kama G1000, alama nyekundu ya X juu ya upeo au kasi dakika ya kwanza baada ya kuwasha umeme ni mfumo unaojipanga. Uache. Zikibaki, tazama swichi za avioniki na volti za betri. Kama picha zinaruka-ruka badala ya kusogea laini, Microsoft Flight Simulator ina mpangilio wa kasi ya kuchora upya skrini za chumba cha rubani. Uliwekwa chini ili kuokoa kompyuta.

Mshale wa VOR (redio ya mwelekeo kutoka kituo cha ardhini) usiosogea kabisa unaposogeza nobu ya redio, mara nyingi ni kitufe cha CDI, kinachochagua chanzo cha mshale huo, kilichoachwa kwenye GPS. Umbali wa DME (redio ya kupima umbali hadi kituo) usiofika sifuri ukiwa juu ya kituo nao uko sawa: unapimwa kwa mstari wa mshazari, na ukipita juu yake ukiwa futi 12,000 utasoma karibu maili 2 za baharini.

Skrini iko sawa, geji ya mezani haiko sawa

Hapa ndipo tunapoingia kwenye programu ya kati na waya. Kabla ya kugusa chochote, gawanya namba ya geji yako kwa namba sahihi ya skrini. Jawabu mara nyingi linataja kosa lenyewe.

Ukipata 3.28 au kinyume chake, 0.305, mita na futi zimechanganyika. Kwenye X-Plane, sim/flightmodel/position/elevation hutoa mita, si futi. Ukipata 1.15, umeomba noti ukapewa maili za nchi kavu kwa saa, 1.85 ni kilomita. 33.86 ni inchi za zebaki dhidi ya hektopaskali. 128 au 16 ni FSUIPC, programu ya kati ya simuleta za Microsoft: kasi iliyo kwenye anwani 02BC huja ikiwa imezidishwa kwa 128, na mgandamizo wa altimita kwenye 0330 umezidishwa kwa 16, kwa hiyo 1013 hufika kama 16208. Na uelekeo usiozidi 6.28 hata ukizunguka duara zima ni radiani. SimConnect, njia ya Microsoft ya programu kusoma data ya simuleta, hutoa pembe nyingi kwa radiani usipoitajia kipimo unachotaka, hata pale jina la thamani lina neno DEGREES ndani yake. Zidisha kwa 57.3, au afadhali taja kipimo unachotaka.

Upeo unaoshuka pua inapopanda ni alama ya kutoa na kujumlisha tu. Thamani ya SimConnect iitwayo PLANE PITCH DEGREES huwa hasi pua ikiwa juu. Geuza alama kwenye programu, usigeuze waya.

Kosa gumu zaidi kuliona ni kuchagua thamani isiyo yako. Ukizungusha nobu ya mgandamizo na mshale wa altimita hautikisiki, umechukua PLANE ALTITUDE, ambao ni urefu halisi, badala ya INDICATED ALTITUDE. Ukizungusha nobu ya kusawazisha jairo na uelekeo haubadiliki, umechukua uelekeo halisi badala ya ule wa geji. Geji kama hiyo itaonekana nzima mwezi mzima, mpaka siku ya hali mbaya ya hewa. Na ndege za kununua zenye mifumo yake mara nyingi hazitumii thamani za kawaida, huandika zake. Geji iliyofanya kazi kwenye Cessna ya msingi na kukaa sifuri kwenye ndege mpya haijaharibika. Inasoma mahali pasipoandikwa kitu.

Mshale wenyewe

Mota ya hatua haijui iko wapi. Inajua tu imeambiwa iende hatua ngapi kutoka mahali ilipodhani ni sifuri. Kwa hiyo uliza kosa linatokea lini.

Kosa lililopo tangu kuwasha, la kiasi kilekile kote kwenye uso wa geji, ni sifuri iliyopotea. Mshale ulichomekwa vibaya kwenye ekseli, au mota haikurudishwa hadi kwenye kizuizi chake wakati wa kuanza. Kosa linaloanza dogo na kukua kadiri safari inavyoendelea ni hatua zinazopotea: mota inaambiwa ikimbie kuliko nguvu yake, au mshale ni mzito. Punguza kasi na mchapuko kwenye mipangilio kabla ya kununua mota nyingine. Kosa dogo mwanzoni na mwishoni mwa uso lakini kubwa katikati ni uso usio na mgawanyo sawa. Geji za kasi ndivyo zilivyo, na zinahitaji jedwali la pointi nyingi, si namba mbili za mwanzo na mwisho.

X27.168, mota ndogo ya dashibodi za magari ambayo wengi huitumia, huzunguka nyuzi 315 tu, hatua 3 kwa kila nyuzi, jumla 945. Inafaa kwa kasi. Kwa altimita au dira inayozunguka duara bila mwisho haifai mpaka kizuizi cha ndani kiondolewe, na kikiondolewa utahitaji kihisi cha kutafuta sifuri.

Uelekeo unaokimbia duara zima kinyume kila unapopita kaskazini, kutoka 359 hadi 001, ni programu isiyojua njia fupi. Tafuta mpangilio huo kwenye programu ya kati. Katika msimbo wa kujiandikia wa bodi ya Arduino, ni mistari miwili.

Mshale unaotetemeka ukiwa umesimama: shuku umeme kwanza. Lango la USB 2.0 hutoa hadi miliampea 500, na mota kadhaa, taa za nyuma na bodi yenyewe hufika hapo upesi. Pini moja ya Arduino Uno au Mega haipaswi kubebeshwa zaidi ya miliampea 20 kwa kazi ya kudumu. Weka chanzo cha volti 5 cha nje na chipu ya kuendesha mota, na uunganishe ardhi ya chanzo hicho na ardhi ya bodi. Wakisahau hilo, watu hupata mitetemo mibaya zaidi ya waliyoanza nayo. Kama kinachotetemeka ni mzunguko wa injini hadi kwenye skrini, hilo si la umeme wa mota. Una vifaa viwili vinavyoagiza nguvu ya injini kwa wakati mmoja, kwa kuwa simuleta ilikipangia kifaa kipya kazi yenyewe ulipokichomeka. Futa mpangilio mmoja.

Geji zote zikiganda kwa pamoja baada ya muda, Windows imezima lango la USB kuokoa umeme, au hubu imechoka. Zima uokoaji huo kwenye sifa za kila hubu. Kwa wanaotuma data kwa mtandao kutoka X-Plane, angalia ukuta wa usalama na lango 49000 la UDP.

Baada ya kurekebisha, jaribu ndege ikiwa imesimama bila upepo: kasi sifuri, kupanda na kushuka sifuri, altimita sawa na mwinuko wa uwanja. Kisha paa, ulaze ndege hadi alama ya kona ya kawaida kwenye kiratibu, na upime kwa saa. Nyuzi 3 kwa sekunde ni duara zima kwa dakika 2. Ukichukua dakika 2 na nusu kwa saa ya ukutani huku saa ya chumba cha rubani ikisema 2, usiguse kiratibu: X-Plane hupunguza mwendo wa muda wake picha zikishuka chini ya takribani 20 kwa sekunde. Punguza ubora wa picha, kisha uzunguke tena.